Kumsomea Baba riwaya ya mwaka 1793

Riwaya ya Alexandre Dumas iitwayo Le Chevalier de Maison-Rouge inaanza na mwanamke anayekamatwa njiani usiku kwa sababu hana karatasi. Ni tarehe 10 Machi 1793, jijini Paris. Mfalme Louis wa 16 ameshakatwa kichwa tangu Januari 21. Mkewe, Marie Antoinette, amefungwa katika mnara wa Temple pamoja na wifi yake na watoto wake wawili. Majeshi ya wafalme wa jirani yako vitani na Jamhuri changa, na raia anayetembea usiku lazima awe na cheti kinachoshuhudia uzalendo wake. Mwanamke yule hana. Waliomsimamisha ni vijana wa kujitolea waliokwisha kunywa, na kadiri anavyowasihi ndivyo wanavyozidi kumtilia shaka.

Baba alinikatiza hapo hapo. "Hao vijana, silaha kawapa nani?"

Nikamweleza kwamba wameandikishwa kwenda mpakani kupigana na maadui, ila bado hawajaondoka mjini.

"Basi hao ndio wa kuogopwa," akasema. "Haya, endelea."

Baba alikuwa fundi cherehani hapa Tanga kwa utu uzima wake wote, na gazeti alikuwa hasomi nusu. Alilimaliza mpaka matangazo ya vifo. Presha ya macho ilipomwondolea nuru, kusoma ndiko kulikomuuma kuliko kushona. Kwa hiyo baada ya Isha tunakaa barazani, mimi na simu yangu. Kifaransa nilikisoma chuo kikuu, kisha nikafanya kazi Bujumbura miaka kadhaa, hivyo naweza kusoma ukurasa wa Kifaransa kwa macho nikausimulia kwa Kiswahili. Vitabu vya Dumas ni vya zamani mno kuwa na mwenye kudai haki zake, unavipakua bure. Hiki nilikichagua kwa sababu kina kila kitu anachokipenda msikilizaji wa hadithi: njama za kumtorosha malkia, handaki linalochimbwa chini ya nyumba, watu waliojibadilisha majina, barua ndani ya ua, mapenzi ya hatari, na kifo.

Kisa chenyewe, kwa ambaye hajakisoma, kiko hivi. Kijana anayemwokoa mwanamke yule ni Maurice Lindey, luteni wa askari wa mtaa, mwanamapinduzi wa kweli, anayeiamini Jamhuri kwa moyo wake wote. Mwanamke anaitwa Geneviève. Maurice anampenda, anamtafuta, anamkuta ni mke wa Dixmer, mwenye kiwanda cha kutengeneza ngozi. Nyumba ile ya ngozi ni pango la wafuasi wa malkia. Morand, mshirika wa Dixmer, mtu mpole mwenye miwani, ndiye Chevalier de Maison-Rouge anayesakwa Paris nzima. Dixmer anauona mwanya: Maurice ana zamu ya ulinzi Temple, na Maurice anampenda mke wake. Basi mke anageuzwa chambo. Hilo Baba alilipokea vibaya sana. Njama zote za baadaye, hata zile za ujasiri mkubwa, alizipima kwa kipimo hicho kimoja, kwamba mwanaume anayemtuma mkewe kwa mwanaume mwingine hana cha kumwokoa duniani, awe malkia au asiwe malkia.

Dumas aliitoa hadithi hii kwa vipande gazetini kuanzia 1845, akishirikiana na Auguste Maquet, mwandishi mwenzake wa miaka mingi. Hilo linasikika ukisoma kwa sauti. Sura ni fupi, mazungumzo ni mengi, na kila sura inakuacha mlangoni huku mtu akigonga. Wasomaji wa Paris walisubiri gazeti la kesho. Baba alisubiri Isha ya kesho. Majina ya Kifaransa yalimpa taabu mwanzoni, kwa hiyo tukayapa sifa kama tunavyofanya mtaani: Lorin mshairi, Simon fundi viatu, Dixmer wa ngozi. Baada ya hapo hakuna aliyempotea. Nawashauri wanaosomea wazazi wao wafanye hivyo hivyo. Mtu mzima asiyeona anashika uzi wa hadithi kuliko sisi tunaorudi nyuma kutazama ukurasa, ila anahitaji kila mtu awe na alama yake.

Nilidhani atavutwa na Chevalier. Hakuvutwa. Mtu anayejitosa kufa kwa ajili ya malkia aliyempenda kwa mbali alimwona ni mtu wa mashairi. Aliyemshika Baba ni mtoto. Kila nilipofungua simu, kabla sijapata mahali tulipoishia, aliuliza: "Na yule mtoto?"

Mtoto ni Louis-Charles, mwana wa mfalme. Wafuasi wa ufalme walimwita Louis wa 17. Wengine walimwita Capet mdogo. Katika riwaya anaonekana mara chache tu, mikononi mwa Simon, fundi viatu aliyepewa kazi ya kumlea kiraia. Simon anamfundisha kunywa, kutukana, kuimba nyimbo za kumkejeli mama yake, na akikataa anampiga. Nilipofika kwenye kurasa hizo Baba aliacha kuchezea tasbihi yake.

Haya si ya kutungwa na Dumas. Tarehe 3 Julai 1793, mtoto wa miaka minane alitolewa kwa mama yake na kukabidhiwa kwa Antoine Simon, ambaye kweli alikuwa mshona viatu, ghorofa moja chini katika mnara ule ule. Mama alibaki kuchungulia kwenye upenyo ili amwone akipitishwa kwenda matembezi. Mwezi Oktoba walimtia mtoto kalamu mkononi asaini maneno machafu dhidi ya mama yake, na Hébert, ofisa wa serikali ya jiji la Paris, akayatoa mahakamani. Malkia alikuwa amejibu mashtaka mengine yote kwa utulivu. Kwa lile alinyamaza. Mjumbe mmoja wa baraza la mahakama alipong'ang'ania, alisimama akasema maumbile yenyewe yanakataa kujibu shutuma kama hiyo kwa mama, akawageukia akina mama waliokuwa ukumbini. Alikatwa kichwa tarehe 16 Oktoba 1793. Simon naye alipanda gilotini, mashine ya kukatia vichwa, Julai 1794, siku moja na Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi. Mtoto alifia Temple tarehe 8 Juni 1795, akiwa na miaka kumi.

Riwaya inaishia kabla ya kifo cha mtoto. Baba hakukubali iishie hapo. Ilibidi nitafute yaliyompata, siku kwa siku kadiri yanavyojulikana, nimsimulie nje ya kitabu. Kifungo cha upweke baada ya Simon kuondoka, chumba kisichofagiliwa, ugonjwa. Nilikuwa nataka kumkinga na mengine nisiyataje. Akaniambia, "Mwanangu, usinifichie. Mtoto akifa lazima mtu aseme amekufa vipi."

Hapo nilijifunza jambo ambalo miaka yote ya kusoma riwaya peke yangu haikunifundisha. Ukisoma kimya unamfuata anayekimbia. Farasi, upanga, handaki, saa inayogonga usiku wa manane: macho yanakwenda mbio na mwenye mbio. Ukimsomea mtu mwingine, tena mtu aliyewahi kuwa mtoto wakati nchi inapinduliwa, unalazimika kusimama kwa asiyeweza kukimbia.

Mfano mzuri kuliko wote katika kitabu hiki ni mke wa Tison. Ni mwanamke wa kazi za ndani pale Temple, amewekwa kuwahudumia wafungwa na kuwapeleleza. Kazi hiyo imemkatisha na binti yake Héloïse, haruhusiwi kumwona. Siku moja anazuiwa tena. Uchungu unamgeuka hasira, na hasira anaimwaga pale anapoweza: anamshitaki malkia na walinzi wake kwamba wana siri. Asilolijua ni kwamba binti yake ameingizwa kwenye njama ya kumwokoa malkia yule yule. Ndiye muuza maua aliyepeleka ua lenye barua. Héloïse anakamatwa. Mama anakuja kuelewa kwamba mdomo wake ndio uliolifungua lile jambo mpaka likamfikia mwanawe. Binti anakwenda kwenye gilotini, na mama anarukwa na akili.

Niliisoma sura hiyo mara mbili kwa ombi la Baba. Nikaenda kutazama historia, nikakuta Tison na mkewe walikuwepo. Mke kweli alitoa shutuma ile mwezi Aprili 1793 baada ya kunyimwa kumwona binti yake. Kweli alirukwa na akili kiangazi hicho, akiomba msamaha miguuni pa malkia, mpaka akapelekwa hospitali ya Hôtel-Dieu. Ila Héloïse wa kwenye gilotini ni wa Dumas. Alichukua mama halisi mwenye majuto halisi, akamtungia sababu kubwa zaidi ya majuto. Nikimfikiria naona hakumdhulumu. Alitaka msomaji ahisi uzito ambao mama yule aliuhisi, na kwa msomaji wa gazeti asiyemjua, kunyimwa kumwona mtoto pekee kusingetosha.

Kwa ua, historia na riwaya zimepishana kwa njia nyingine. Alikuwepo mtu mwenyewe, Alexandre Gonsse de Rougeville. Tarehe 28 Agosti 1793 aliingia gereza la Conciergerie, ambako malkia alikuwa amehamishiwa mwanzoni mwa mwezi ule, akifuatana na Michonis, ofisa wa magereza. Alikuwa na maua ya kanesheni, yale mekundu yenye petali nyingi zilizokunjamana, na ndani yake karatasi. Akalitupa chini. Malkia hakuwa na wino wala kalamu, akajibu kwa kutoboa karatasi matundu kwa pini. Askari Gilbert aliyekuwa akimlinda chumbani akaripoti, na likaishia hapo. Rougeville alitoroka, akaishi mpaka 1814, akapigwa risasi huko Reims. Dumas alilihamisha ua lote kwenda Temple, akalitanguliza miezi kadhaa, na jina akalibadilisha kuwa Maison-Rouge. Nilipomweleza Baba hilo hakusumbuka hata kidogo. Alichotaka kujua ni matundu ya pini yalisema nini. Nikamwambia wataalamu waliyasoma kwamba analindwa macho hayabanduki, hasemi na mtu yeyote. "Mtu ametafuta pini aandike hivyo tu," akasema, na usiku ule hatukuendelea.

Sasa nije kwa Dumas mwenyewe, maana bila kumjua yeye nisingelielewa nilichokuwa nakisoma. Wengi wanamjua kwa hadithi zake za panga na hawajui asili yake. Babu yake alikuwa bwana mkubwa wa Kifaransa aliyekwenda kutafuta mali Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Bibi yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa Mwafrika. Mtoto wao Thomas-Alexandre alizaliwa 1762, na baba yake huyo huyo alimweka rehani kwa nauli ya kurudi kwao, kisha akamkomboa. Kijana akafika Ufaransa mwaka 1776 akiwa na miaka 14. Mapinduzi yalimkuta ni askari wa kawaida wa farasi. Mwaka 1793 alikuwa jenerali. Yaani wakati Marie Antoinette anatoboa karatasi kwa pini, mwana wa mtumwa alikuwa anaongoza wanajeshi wa Jamhuri kwa maelfu.

Alexandre alikuwa hajatimiza miaka minne baba yake alipofariki, 1806, amechoka na kifungo alichokipata Italia na amenyimwa haki zake na Napoleon. Lakini alikusanya habari zake na kuziandika katika kumbukumbu zake, na humo ndimo ilimo ile ya Bayonne. Mwishoni mwa 1793 jenerali alifika mji ule, akapangiwa nyumba inayotazamana na uwanja wa gilotini. Saa ya kukata vichwa ilipofika, madirisha yote ya uwanja yalijaa watu. Yeye alifunga ya kwake. Watu wakaja chini ya nyumba kumzomea, wakampachika jina la bwana ubinadamu. Jenerali wa Jamhuri, mtu aliyepata cheo kwa sababu ya Mapinduzi, alikaa ndani na madirisha yamefungwa huku anazomewa na watu wa upande wake.

Nilipoisimulia hiyo, Maurice Lindey akanifungukia. Ndiye mtu yule yule. Anaiamini Jamhuri mwanzo hadi mwisho. Hakuna ukurasa ambao anatamani mfalme arudi. Anamvua malkia hatia moja tu, ya kuwa si mtu. Anamkemea Simon kwa kumpiga mtoto, na Simon hamsamehi. Kuanzia hapo anamwinda kwa shutuma mpaka mwisho. Dumas alimpa kijana huyo msimamo wa baba yake ambaye hakupata nafasi ya kumjua.

Baba alisikiliza, akakaa kidogo, kisha akasema: "Huyo Maurice mimi namjua."

Baba alizaliwa Ng'ambo, Unguja. Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar yalipotokea, alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Baadaye aliletwa kwa shangazi yake Tanga, akabaki huku. Katika maisha yangu yote alikuwa hajanisimulia siku zile. Tulijua tu kwamba hakuulizwi. Usiku ule alinisimulia bila kuulizwa. Jirani yao alikuwa mchukuzi bandarini, mwanachama wa kufa na kupona wa ASP, chama cha Afro-Shirazi, mtu aliyenyanyaswa kweli na waliokuwa juu yake. Siku Mapinduzi yalipotangazwa alifurahi mpaka akatoa machozi. Magharibi ilipoingia alikwenda kukaa kizingitini kwa muuza duka wa mtaa wao, Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman, mwenye watoto wadogo, na panga mapajani. Kila kundi lililopita lilimkuta pale. Akawaambia, "Hapa nimeshamaliza mimi, nendeni mbele." Wakapita. Alikaa hivyo mpaka alfajiri, na kesho yake akarudia.

Nikamuuliza Baba yule muuza duka aliishia wapi. Akasema aliondoka na wanawe kwa chombo, na mchukuzi alibaki Ng'ambo, akaendelea kuwa mwanachama, akaendelea kufurahia Mapinduzi kila Januari 12 mpaka alipofariki. Baba hakuyakana Mapinduzi usiku ule na hajawahi kuyakana. Alisema tu kwamba walioshangilia walikuwa wengi, na aliyekaa mlangoni alikuwa mmoja, na wote walikuwa chama kimoja.

Tangu siku hiyo sisomi riwaya za mapinduzi kama zamani. Namtafuta mtu aliye upande ulioshinda, mwenye kila sababu ya kufurahi, akaamua kukaa mlangoni. Waandishi wengi hawamweki. Wanaweka mhanga, muuaji na shujaa wa kuruka madirisha. Dumas amemweka katikati ya kitabu na kumfanya mpenzi wa hadithi, na nadhani ndiyo maana kitabu hiki, ambacho hakijulikani sana kati ya vyake, nimekipenda kuliko vile vinavyojulikana.

Kuna jambo lingine lililoniuma katika kutafuta habari za mwaka ule, na silioni likitajwa na wanaoisifu riwaya. Mwezi ule ule wa Machi 1793 ambamo hadithi inaanza, Bunge la Mapinduzi lilikibadilisha jina kisiwa cha Bourbon katika Bahari ya Hindi. Bourbon lilikuwa jina la ukoo wa mfalme, kikaitwa Réunion. Katika mashamba ya kisiwa hicho, na ya jirani yake Île de France ambayo leo ni Mauritius, walikuwamo watu waliochukuliwa Madagaska na pwani yetu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Ni mwaka ule ule ambao baba yake Dumas alivushwa bahari kwenda kuwa huru. Jina la kisiwa lilibadilika upesi. Hali ya watu haikubadilika. Bunge lilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, lakini wenye mashamba wa visiwa hivyo waligoma, na wajumbe waliotoka Paris mwaka 1796 kuja kuitekeleza sheria walifukuzwa Île de France wakapakiwa melini. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria.

Mlango ulikuja kufunguka 1848, na riwaya hii ina kisehemu chake humo. Agosti 1847 Dumas na Maquet waliigeuza kuwa mchezo wa jukwaani katika ukumbi aliouanzisha Dumas mwenyewe, Théâtre Historique. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa wafungwa wanaojiandaa kufa, kiitikio chake kikisema kufa kwa ajili ya nchi ndiyo majaliwa mema kupita yote. Paris nzima ikaushika. Februari 1848 watu waliomwangusha mfalme Louis-Philippe waliuimba mitaani. Serikali iliyoingia ilitia saini tarehe 27 Aprili amri ya kufuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa, na Desemba 20 mwaka ule zaidi ya watu 60,000 wa Réunion wakawa huru. Sisemi wimbo ndio uliowafungua. Nasema mjukuu wa Marie-Cessette aliandika habari za mfalme mmoja kuanguka, na wimbo wake ukaimbwa siku mfalme mwingine alipoanguka, na amri ya mwaka ule ikawafikia watu ambao mababu zao walipakiwa vyomboni Kilwa. Baba aliniomba nimtajie tena hiyo tarehe ya Desemba, ili aikumbuke.

Tukarudi kwenye kitabu kukimaliza. Mwisho wake ni mzito na Dumas haombi radhi. Njama ya mwisho ya kumtoa malkia Conciergerie inavunjika kwa sababu Chevalier kwa upande wake na Dixmer kwa upande wake wameingia gerezani usiku mmoja, kila mtu na mpango wake, wakaharibiana. Dixmer alikuwa amemleta mkewe abaki gerezani badala ya malkia, afe yeye. Alikuwa ameshajua kwamba Geneviève na Maurice wanapendana, na alitaka kisasi chake kivae nguo za uaminifu kwa malkia. Malkia anauawa, Chevalier anajiua chini ya jukwaa la gilotini. Maurice anamuua Dixmer kwa upanga, anachukua hati yake ya kuingilia, na kwa hati hiyo anaingia kwenye chumba cha waliokwisha hukumiwa. Anaingia kufa na Geneviève. Lorin mshairi yuko humo pia, amehukumiwa kwa kosa la kumhifadhi rafiki yake Maurice. Wanapanda mkokoteni pamoja, watatu.

Hapo mimi na Baba tumegawanyika na hatujapatana mpaka leo. Mimi naona Maurice hakuwa na njia nyingine. Sheria ya Washukiwa ya Septemba 1793 ilimfanya kila aliyesitasita kuwa adui, Simon alishamtaja, mtaa wake mwenyewe ulishamkana. Angeishi wapi, na kwa jina gani? Kuchagua saa na watu wa kufa nao ndiyo haki ya mwisho aliyobakiwa nayo, naye aliitumia. Baba hataki kusikia. Anasema Dumas amemwozesha Maurice kwa mapenzi wakati kitabu chote kilikuwa kinamlea kwa kazi nyingine. Mtoto bado alikuwa hai Temple. "Mtu kama huyo," anasema, "anapaswa abaki. Akiondoka yeye, mlangoni anakaa nani?" Nikimwambia asingeweza kubaki, ananijibu kwamba mchukuzi wa Ng'ambo naye aliambiwa hivyo.

Sasa tumeanza La Comtesse de Charny, ambayo Dumas aliiandika baadaye ingawa habari zake ni za nyuma, miaka ya kabla mfalme hajafa. Baba ndiye aliyetaka. Alisikia kwamba Louis alijaribu kutoroka, Juni 1791, kwa gari kubwa la farasi lililojaa familia nzima, akashikwa Varennes, akataka kujua ilikuwaje. Sultani Jamshid wa Zanzibar alipopinduliwa 1964 alipata meli, anasema. Huyu alikuwa na usiku kucha na farasi wa kubadilisha, amekosaje kufika? Tumefika kwa Drouet, mkuu wa kituo cha farasi cha Sainte-Menehould, aliyemtambua mfalme na kupanda farasi kumuwahi mbele. Baba bado hajaamua kama Drouet ni mtu wa aina ya vijana wa usiku au wa aina ya mchukuzi, na ameniagiza nitafute alifanya nini miaka iliyofuata kabla hatujaendelea na sura nyingine.